Dakika Tatu za Mwenda wa Bunkeya

Mwaka 1973 bendi ya Yes ya Uingereza ilitoa Yessongs, albamu ya maonyesho yake ya jukwaani: santuri tatu nzima, vinanda vya umeme, ngoma za kishindo, nyimbo za kupita dakika kumi. Ni kazi kubwa. Lakini kila nikiisikia, mawazo yangu hurudi kwenye santuri moja iliyoitangulia kwa miaka ishirini na mmoja: mtu mmoja, gitaa moja la mbao, dakika kama tatu tu.

Mpigaji wake, Mwenda Jean Bosco, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika eneo la Lubudi la leo, nchini Kongo (Kinshasa). Bunkeya ndiyo iliyokuwa makao ya Msiri, mfalme wa Wayeke, watu waliotoka upande wa Unyamwezi kwa njia za misafara. Msiri aliuawa hapo Desemba 1891. Jina Mwenda ni la ukoo wa Msiri, na Kiswahili ambacho Bosco alikiimbia ni kile kile cha Katanga tunachoongea sokoni na migodini.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Bosco akipiga gitaa barabarani mjini Jadotville, Likasi ya sasa. Akamrekodi. Hakukuwa na jukwaa wala tiketi. Hakuna sauti iliyoongezwa baadaye: kilichopigwa ndicho kilichobaki.

Wimbo ni Masanga. Usikilize ukiwa umetulia. Kidole gumba kinatembea chini kwenye nyuzi nene, hakina haraka. Cha shahada kinajibu juu, kinachelewa kidogo, kinawahi, kinazunguka na kurudi. Mara ya kwanza niliapa kwamba wapigaji ni wawili. Ni vidole viwili tu.

Masanga ulipata tuzo ya Osborn ya Chama cha Muziki wa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft aliuandika noti kwa noti ili kuelewa Bosco alivyokuwa akiugeuza kila anapourudia. Hapo ndipo ninapomwona ndugu wa wale Waingereza wa Yes: yeye pia hakuridhika kuupiga wimbo ule ule kwa namna ile ile.

Bosco aliishi Nairobi kwa muda, na vijana wa Kenya wakajifunza kwa kuzisikiliza santuri zake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kukaa naye na kujifunza mkono wake.

Mwaka 1988 alirekodi tena, Cape Town, safari hii studioni, sauti safi kabisa. Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, ajali ya barabarani ilimuua nchini Zambia. Hiyo ya studio ninaipenda. Ila ile ya Jadotville, yenye mikwaruzo yake, ndiyo ninayoiweka kwanza mgeni anapokuja nyumbani.