Jibu la Seva na Istilahi Yake

Itifaki ya wavuti, yaani HTTP, ilipoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, majibu yake hayakuwa na namba. Seva ilipoikosa faili iliyoombwa ilirudisha maneno tu, na kompyuta iliyoomba haikuweza kutofautisha udhuru na waraka wenyewe. Toleo la 1.0, lililochapishwa Mei 1996, lilirasimisha namba za hali: 200 kufaulu, 404 kutopatikana, 500 hitilafu ya seva.

Hata hivyo, tatizo hilo la kale halijatoweka. Mwalimu wa Manyoni au Iramba, mkoani Singida, aweza kupakua mtaala akapata faili ndogo isiyofunguka. Ndani yake huenda mna ukurasa wa kudai nywila, uliotumwa kwa namba 200. Kwa hiyo aina na ukubwa wa faili havina budi kukaguliwa pia.

Hapo ndipo istilahi inapohusika. Kuyaita makundi ya 400 na 500 yote "kosa" ni kumtwika mwombaji lawama isiyo yake. Twapendekeza "kasoro ya ombi" kwa kundi la 400, na "hitilafu ya seva" kwa la 500, ili mtumishi ajue kama alisahihishe ombi lake au asubiri.