Simu ya Akron na kikao cha jirani Thamesmead

Mei 1935, katika Hoteli ya Mayflower mjini Akron, Ohio, dalali wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa peke yake, biashara iliyompeleka huko imeharibika. Upande mmoja kulikuwa na baa. Upande wa pili simu, na orodha ya makanisa ya mji. Alikuwa ameacha pombe miezi mitano tu, na alijua akiingia baa hatoki salama. Akashika simu. Hakutafuta dawa wala mahubiri, alitaka kukutanishwa na mlevi mwenzake wazungumze.

Simu moja ikazaa nyingine, na kesho yake akakutana na Dk. Bob Smith, daktari mpasuaji ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Smith alikubali robo saa tu; wakaongea kwa saa kadhaa, hadi usiku. Baadaye aliteleza tena. Tarehe 10 Juni asubuhi, mikono ikimtetemeka na mgonjwa akimsubiri, alipewa chupa moja ya bia imtulize. Ndiyo ikawa ya mwisho maishani mwake, na ndiyo siku ambayo Alcoholics Anonymous, AA, huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake.

London ilisubiri miaka kumi na miwili. Tarehe 31 Machi 1947, mwanachama mmoja kutoka Marekani aliyekuwa ziarani aliwakaribisha watu wachache chumbani mwake katika Hoteli ya Dorchester. Miaka michache baadaye, Dk. Max Glatt, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kuwatibu walevi kwa vikundi katika hospitali ya Warlingham Park, kusini mwa jiji, akishirikiana na AA. Wakati ule wengi bado waliuona ulevi kuwa tabia mbaya tu.

Wakati huo Thamesmead yenyewe, kusini-mashariki mwa London, haikuwapo. Wakazi wa kwanza waliingia 1968, katika mji uliojengwa na serikali ya jiji juu ya vinamasi vya Mto Thames. Kwa kuwa mafuriko ya 1953 yalikuwa hayajasahaulika, nyumba za mwanzo ziliinuliwa: magari chini, watu juu kwenye vijia vya zege. Nyumba zilitangulia, huduma zikaburuta miguu. Mpaka leo mji hauna kituo chake cha treni. Watu hupanda basi hadi Abbey Wood au Plumstead. Hili si jambo dogo kwa mtu aliyejikaza siku nzima asinywe, kisha usiku anatakiwa kubadilisha basi mara mbili, akipita milango ya baa, ili afike kwenye kikao. Njia ya treni ya Elizabeth Line ilipofunguliwa Abbey Wood 2022, vikao vya katikati ya London vilisogea hadi kama nusu saa kwa treni.

Kuna pia mpaka. Upande mmoja wa Thamesmead ni Greenwich, wa pili ni Bexley. Tangu 2013 huduma za matibabu ya uraibu Uingereza ziko mikononi mwa halmashauri, kwa hiyo anwani yako ndiyo huamua uanzie wapi. AA haina mpaka huo. Unaingiza msimbo wako wa posta kwenye tovuti yao, SE28 kwa sehemu kubwa ya mji, unapata siku, saa na ukumbi, mara nyingi wa kanisa. Hakuna fomu wala ada. Bakuli hupitishwa, mwenye nacho anatia. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Kwenye vikao vya wazi hata ndugu wa kukusindikiza anaruhusiwa.

Ndani kuna viti, chai, biskuti, na mtu anayetaja jina lake la kwanza na kueleza yaliyomkuta. Mgeni halazimishwi kusema neno.

Najua kinachowazuia wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki. Si nauli. Ni hofu kwamba tukionekana, habari itafika Mombasa au Moshi kabla ya sisi kurudi nyumbani. Hofu kama hiyo ndiyo iliyowafanya waanzilishi wafiche majina. Na asiseme mtu kwamba ni mambo ya Wazungu: kuanzia 2009 Zanzibar ilifungua nyumba za upataji nafuu zinazofuata hatua zilezile kumi na mbili za AA, katika jamii ya Kiislamu, na vijana waliopitia arosto ya heroini wakawa ndio wanaowashika mkono wenzao.

Jambo moja lisipuuzwe: anayekunywa sana kila siku asikate ghafla bila kumwona daktari. Arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na hata kuua. Ile bia ya Dk. Smith ilikuwa na sababu.

Tangu 2020 vikao vya mtandaoni vimeongezeka mno, na muuguzi anayetoka zamu ya usiku anaweza kujiunga akiwa jikoni kwake. Naye mke au mzazi asingoje mlevi akubali kwanza. Lois, mkewe Bill Wilson, alishiriki kuanzisha Al-Anon 1951 kwa ajili ya familia, na vikao vyake viko London pia. Unaweza kwenda wiki hii, hata kama mwenye chupa bado anasema hana tatizo.