Umbali wa Hospitali na Hesabu ya Wagonjwa

Mwaka 1840 sensa ya Marekani ilihesabu wagonjwa wa akili kwa mara ya kwanza. Matokeo yake yaliwafurahisha watetezi wa utumwa. Kaskazini, walikoishi watu weusi huru, mmoja kati ya 162 aliandikwa kuwa mgonjwa. Kusini, kwenye utumwa, mmoja kati ya 1,558. Mwaka 1844 John C. Calhoun, waziri wa mambo ya nje, alizitumia takwimu hizo kudai kwamba uhuru unamtia wazimu mtu mweusi.

Daktari mmoja wa Massachusetts, Edward Jarvis, aliyapekua majedwali ya sensa mji kwa mji, na uongo ukajitokeza wenyewe. Scarboro, huko Maine, haukuwa na mkazi mweusi hata mmoja, lakini uliandikiwa wagonjwa weusi sita. Worcester, huko Massachusetts, uliandikiwa 133, kumbe hao walikuwa wazungu waliolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo, iliyokuwa mjini humo. Jarvis na wenzake wa Chama cha Takwimu cha Marekani walililalamikia Bunge, lakini sensa haikusahihishwa.

Jarvis hakuishia hapo. Mwaka 1850 alichapisha utafiti uliolinganisha kaunti zilizo karibu na hospitali za namna hiyo na zilizo mbali, katika majimbo kadhaa. Kila mahali jibu lilikuwa lilelile: wa karibu walipeleka wagonjwa wengi, wa mbali wachache. Ugonjwa haukufuata mipaka ya kaunti. Kilichopungua kadiri safari ilivyorefuka ni uwezo wa familia kumfikisha ndugu yao kwa daktari, na hata habari kwamba huko watu hutibiwa wakapona.

Basi mwaka 1854 serikali ya jimbo la Massachusetts ilipotaka idadi kamili ya wagonjwa, Jarvis hakutegemea daftari za hospitali pekee. Aliwaandikia madaktari, wachungaji na wasimamizi wa maskini katika kila mji, akapata watu 2,632, karibu nusu yao wakiwa majumbani au katika nyumba za maskini. Ripoti yake ya 1855 ilichangia kujengwa kwa hospitali mpya Northampton, magharibi mwa jimbo, iliyofunguliwa mwaka 1858.

Chicago iliendeleza mjadala wa uhusiano kati ya mahali na ugonjwa wa akili. Mwaka 1939 wanasosiolojia Robert Faris na Warren Dunham walichapisha uchambuzi wa wagonjwa karibu 35,000 waliolazwa hospitalini. Skizofrenia ilijaa katika mitaa ya katikati ya jiji, yenye vyumba vya kupanga na wapangaji wasiojuana, ikapungua kuelekea pembezoni. Wao waliulaumu upweke wa mitaa hiyo. Wapinzani wakajibu kwamba aliyeugua hupoteza kazi, akaishia kwenye kodi nafuu. Ubishi huo umezaa tafiti nyingi hadi leo.

Kwetu somo la Jarvis bado ni la dharura. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Tanzania, Mirembe, iko Dodoma. Mathari, ya Kenya, iko Nairobi. Mgonjwa wa Kigoma au Turkana ana safari ndefu, nauli ya wawili na siku za shamba zitakazopotea. Akibaki nyumbani, haingii kwenye takwimu, na wilaya yake huonekana nzima. Anayepanga bajeti ya afya asiipongeze wilaya yenye wagonjwa wachache kabla ya kuuliza daktari wa akili wa karibu yuko kilomita ngapi kutoka hapo.