Darasa Moja, Jukwaa la Nani?

Bibi wa mwenzetu mmoja alisoma Unguja katika shule ya wasichana watupu. Alipoona kwenye simu picha ya darasa letu, wavulana na wasichana bega kwa bega, aliuliza, "Na walimu wanakubali?" Tulicheka, kisha tukaona hata sisi hatujui lini walimu wa hapa Marekani walianza kukubali.

Chuo cha Oberlin, Ohio, kilifunguliwa mwaka 1833 kikipokea jinsia zote, ila wasichana walikuwa na masomo yao mepesi. Mwaka 1837 wasichana 4 waliingia kusomea shahada ileile ya wavulana. Mary Kellogg aliacha kwa kukosa fedha. Wenzake, Mary Hosford, Elizabeth Prall na Caroline Rudd, walihitimu mwaka 1841.

Habari hizo ni nzuri, na maelezo mengi huishia hapo. Lakini kuna Jumatatu. Siku hiyo hapakuwa na vipindi, ili wasichana wafue na kushona nguo za wanafunzi wa kiume! Kweli, wavulana nao walilima shamba la chuo, maana kila mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi. Hata hivyo, hatukusoma popote kwamba kuna mvulana aliyefua sketi.

Katika somo la ufasaha wasichana walikaa kusikiliza wavulana wakijadiliana. Lucy Stone hakuridhika. Yeye na rafiki yake Antoinette Brown wakaanzisha chama cha siri cha midahalo, wakawa wanakutana msituni, na inasemekana huweka mtu wa kulinda. Fikiria: umelipa karo, umekaa darasa moja na wanaume, na sauti yako unaifanyia mazoezi porini.

Alipokaribia kuhitimu, mwaka 1847, wenzake walimchagua aandike hotuba ya mahafali. Sharti likawa isomwe na mwanamume, kwa kuwa haikufaa mwanamke kuhutubia hadhira ya wanaume na wanawake. Alikataa kuiandika. Mwaka 1883, chuo kilipotimiza miaka 50, walimwalika arudi kuzungumza, naye akaenda.

Tulipofika hapo dada mmoja wa klabu yetu alitukumbusha Usiku wa Kiswahili wa mwaka jana. Pilau walipika wasichana, na kipaza sauti hakikutoka mikononi mwa wavulana. Ratiba ya mwaka huu bado haijapangwa.