Rangi ya Bluu Chini ya Rangi ya Mchanga

Mwezi Machi mwaka huu nilianza kuikwangua Land Rover ya marehemu baba uani kwetu, Karatu. Ni ile 109 ya Series III, bodi ndefu, ambayo majirani wameizoea ikiwa imeegeshwa chini ya mgrevilea kama mzee aliyestaafu. Nilikuwa na ndoo ya maji, msasa namba 120 na kiburi cha mtu aliyeangalia video nyingi kwenye simu. Kaka yangu alipita akaniuliza, "Wewe umekuwa fundi rangi tangu lini?" Nikamwambia tangu fundi anitajie bei.

Nilidhani nitatoa rangi moja nifike kwenye bati. Msomaji wangu, gari hili lina matabaka kama Olduvai. Juu kulikuwa na nyeupe, ambayo naikumbuka ikipigwa nikiwa darasa la sita. Chini yake ilikuwa rangi ya mchanga. Chini ya mchanga, ubavuni tu, mistari myeusi na myeupe ya punda milia. Halafu ikatokea bluu ya mawingu, nzito, yenye alama za brashi, kama ya milango ya zahanati. Na chini kabisa, kijani cha kiwandani.

Baba aliishi na gari hili miaka zaidi ya 30. Nilipoanza kukwangua nilikuwa na swali moja tu: nilipige rangi gani? Halikuwa swali la urembo. Kuna mtu wa utalii aliyekuwa tayari kulikodi msimu mzima kuanzia Juni, kwa sharti moja, kwamba lipigwe mistari ya punda milia ubavuni kama zamani. "Wageni wanapenda kupiga nalo picha," alisema. Hela yake ingelipa ada ya wanangu wawili. Mama yangu hakutaka hata kusikia habari ya mistari, na hakusema kwa nini.

Kwa hiyo nikaanza kuuliza mistari hiyo imetoka wapi.

Ukitoka Karatu, lami inakufikisha lango la Lodoare. Lami hiyo ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na sisi tuliokula vumbi kabla yake hatujaisahau. Baada ya lango unapanda kwenye msitu wenye ukungu hadi ukingo wa kreta, na hapo kandokando ya barabara kuna mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Wageni wengi husimama dakika mbili, wanapiga picha, wanaondoka. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1934 na kufa tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24. Baba yake, Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kulazwa hapohapo.

Baba na mwana walikuja kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, na ndege hiyo waliipaka mistari ya punda milia, mwili mzima, mabawa na mkia. Namba yake ya usajili ilikuwa D-ENTE, na *Ente* kwa Kijerumani ni bata. Yaani bata aliyevaa punda milia. Mwezi Januari 1958 walipita juu ya mbuga mstari kwa mstari, wakapata wanyama zaidi ya 360,000, nyumbu wakiwa kama 99,000. Leo tunaambiwa nyumbu ni zaidi ya milioni moja. Sababu kubwa ni kwamba sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua ndama wa nyumbu, ulidhibitiwa miaka ya 1960 kwa kuchanja ng'ombe wa wafugaji. Jambo hili huwa linasahaulika haraka mno.

Mwaka mmoja baada ya hesabu ile, ndege ya Michael iligongana na tai, ikaanguka. Kitabu na filamu vilivyotoka mwaka huohuo, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Serengeti Haipaswi Kufa", vilienda dunia nzima, na filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Nimeiangalia mara mbili. Mara ya kwanza niliangalia ndege. Mara ya pili niliangalia watu, na nikaelewa ukimya wa mama.

Maana mwaka 1959 si mwaka wa ndege peke yake. Ndio mwaka sheria ya kikoloni ilipoitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Serengeti. Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walitakiwa kuhama, baada ya wazee wao kuwekewa karatasi ya makubaliano mwaka 1958, nao wakaahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi pamoja na mifugo yao. Mzee Grzimek aliandika waziwazi kwamba hifadhi isiwe na watu, hata wenyeji. Alipenda wanyama kweli, sina shaka, na mwanawe alikufa kwa ajili yao. Ila mama yangu amezaliwa kwa watu waliohamishwa. Na tangu mwaka 2022 kuna wengine wanaopakia mabati na mbuzi kwenye malori kwenda Msomera, Handeni, wengine wakisema wamekubali na wengine wakisema hapana. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mistari ya punda milia ni urembo wa gari, atakutazama tu.

Nikaenda kwake jioni. "Mama, ni kwa sababu ya ile ndege?"

"Ndege ipi? Mimi sijui ndege. Baba yako alipigiwa mistari ile na mzungu wa filamu, akalipwa nusu. Nusu nyingine mpaka leo." Akaendelea kuchambua maharage. Basi, nadharia yangu yote ikaishia hapo. Baadaye kidogo akaongeza: "Na hao wa ndege pia."

Mitindo husafiri bwana. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo ulioitwa *Daktari*, jina letu kabisa, habari za daktari wa wanyama Afrika Mashariki. Ulipigwa California, na gari lake lilikuwa Land Rover yenye mistari ya punda milia. Tangu hapo mtu wa mbali akifikiria safari anafikiria mistari. Sisi tunaoishi huku tunafikiria mafuta na springi.

Sasa nije kwenye bluu, maana ndiyo iliyoniweka macho usiku.

Baba alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuirudia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Wageni waliokuwa wakija kupitia Nairobi wakakatika. Kisha vikaja vita vya Kagera, na uhaba wa kila kitu. Gari likichubuka, unatafuta rangi wapi? Alisema alipata makopo mawili ya rangi ya mafuta ya kupakia milango, bluu, akalipaka gari zima kwa brashi. Halafu akaenda nalo upande wa magharibi wa Serengeti, na mbung'o wakamshambulia "kama wamemwona shemeji yao". Tulikuwa tunacheka. Tulijua mzee anaongeza chumvi.

Hakuwa anaongeza. Ukipita Tarangire au Serengeti utaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimening'inizwa porini. Ile ni mitego ya mbung'o, imetiwa dawa. Bluu ndiyo inayowavuta kutoka mbali, nyeusi ndiyo wanayopenda kutua. Ujuzi wa nyeusi ni wa siku nyingi: kwenye kisiwa cha Príncipe, kati ya mwaka 1911 na 1914, wafanyakazi wa mashamba walivishwa mgongoni vitambaa vyeusi vilivyopakwa ulimbo, wakatembea mashambani wakinasa mbung'o kwa maelfu, hadi wakaisha. Mbung'o pia hufuata kitu kikubwa kinachotembea. Sasa chukua Land Rover, ipake bluu, iendeshe taratibu porini. Baba alikuwa ameendesha mtego.

Na kinyume chake ni mistari. Mwaka 2014 Tim Caro na wenzake walilinganisha jamii za farasi, punda na punda milia na mahali wanapoishi, wakaona mistari inaendana zaidi na maeneo yenye nzi wanaouma kuliko na simba au joto. Mwaka 2019 walivisha farasi makoti ya mistari, na nzi wakashindwa kutua vizuri. Mwaka huohuo huko Japani ng'ombe weusi walipakwa mistari myeupe, na nzi waliotua juu yao wakapungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo ile ndege ya Frankfurt ilikuwa na kinga ya nzi, japo angani nzi hawakuwa na haja nayo. Tai hakujali.

Mtu wa mjini anaweza kuona nzi ni jambo dogo. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, kreta ya Ngorongoro ilijaa nzi wadogo wanaouma, wale wa kundi la Stomoxys. Walinyonya simba hadi simba wakawa na vidonda mwili mzima, wakashindwa kuwinda, wakawa wanapanda juu ya miti na kujificha kwenye mashimo ya fisi. Simba waliokuwa makumi kadhaa walibaki kama 10 hivi. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Smuts yaliingia nchi hii na farasi maelfu kwa maelfu, na nagana ikawamaliza. Nimefika mahali pa kuamini kwamba historia ya pori hili imeandikwa na nzi kuliko na wazungu, lakini hilo ni langu, usinibebeshe ushahidi.

Turudi uani. Nilikodi kompresa, nikanunua praima, rangi ya mchanga na tina. Kosa la kwanza: bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na gari la kwanza la mwaka 1948 likajengwa hivyo. Aluminiamu haishiki praima ya kawaida. Inataka ile yenye asidi inayouma bati kidogo kwanza. Mimi nilipiga ya kawaida kwenye mlango wa dereva, nikapuliza rangi juu yake, nikasimama kando kama mchoraji. Saa tisa alasiri upepo ukainuka kutoka upande wa mashamba ya ngano, mvua zilikuwa zimekatika siku nne, na vumbi letu jekundu likatua lote kwenye mlango. Wiki moja baadaye nikachomeka ukucha pembeni, rangi ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai.

Nikalipeleka gereji. Fundi, mzee wa Kiiraqw mwenye kofia isiyovuliwa, aliugusa mlango akauliza, "Huu ulipakwa na mtoto?" Nikasema ndiyo. Alianza upya: akaosha kwa sabuni, akafuta na tina, msasa mkavu, puti kwenye mikunjo, msasa wa maji, praima ile ya aluminiamu, halafu akamwaga maji sakafuni ili vumbi lilale. Kila mkono wa rangi aliusubiri ukauke hadi kidole kisishike. Alivaa barakoa ya chujio na akanifukuza nje mimi niliyefunga leso puani. "Rangi ya siku hizi yenye kikaushio inakula mapafu. Waliofundishwa nami wawili hawapo."

Siku moja kabla ya kupuliza, yule mtu wa utalii alipiga simu. Nilimwambia mistari hakuna. Alikaa kimya, akasema basi atatafuta gari jingine, na akalipata siku hiyohiyo. Ada ya muhula wa pili nimekopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, riba yake sitaki kuifikiria. Kaka yangu ananiita mshairi, na hajamaanisha sifa.

Kabla fundi hajaanza, nilimwomba aache sehemu moja bila kugusa, ndani ya boneti, upande wa betri, ambapo bluu ya brashi bado ipo nzima pamoja na unywele mmoja wa brashi ulioganda. Akasema hapo hata hivyo huwa hapigi rangi, watu hawafungui kuangalia.

Mama alilizunguka gari mara moja liliporudi. Akasema mchanga ni sawa, haionyeshi vumbi. Kwenye kadi bado imeandikwa kijani, hakuna aliyewahi kuibadilisha tangu baba alinunue, na trafiki wa Makuyuni ameshaniuliza mara mbili. Jumatatu nashuka Arusha na kadi.