Mtaji wa kigeni: Migodi ya dhahabu yatoa funzo

Na Mwandishi Wetu

UWEKEZAJI wa moja kwa moja kutoka nje ni mtaji unaoletwa nchini na kampuni ya kigeni ili kuanzisha au kununua shughuli ya uzalishaji na kuisimamia yenyewe. Hutofautiana na mkopo kwa kuwa hauna riba wala tarehe ya kurejeshwa. Mradi ukipata hasara, hasara hiyo ni ya mwekezaji.

Katika nchi ambayo akiba ya wananchi ni ndogo, mtaji huo hutarajiwa kukuza uchumi kwa kuleta fedha, teknolojia, ujuzi, ajira, kodi na masoko ya nje. Hata hivyo, matarajio hayo hayatimii yenyewe, kama historia ya dhahabu ya Tanzania inavyoonyesha.

Baada ya kutungwa Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998, migodi mikubwa ilifunguliwa Nzega, Geita na Bulyanhulu. Katika muda mfupi, dhahabu iliyapita mazao kama kahawa na pamba kwa kuliingizia taifa fedha za kigeni.

Pamoja na mafanikio hayo, wananchi walihoji manufaa yao. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 tu. Kampuni ziliruhusiwa kupunguza gharama kubwa za mitambo katika hesabu za kodi, hivyo baadhi zilikaa miaka mingi bila kulipa kodi ya mapato. Migodi hiyo hutumia mashine nyingi na watu wachache, na vifaa vyake vingi viliagizwa kutoka nje.

Hapo ndipo takwimu zinapoweza kupotosha. Thamani inayozalishwa mgodini huhesabiwa katika pato la ndani la nchi, lakini faida inayopelekwa kwa wenye hisa ng'ambo haiingii mifukoni mwa Watanzania. Uchumi unaweza kukua kwenye vitabu huku kijiji kilicho jirani na mgodi kikikosa maji.

Kufuatia kazi ya Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyoundwa mwaka 2007, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha hadi asilimia 4. Mwaka 2017 ulifikia asilimia 6, na Serikali ikajipatia hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwaka huohuo usafirishaji wa makinikia ulipigwa marufuku. Mgogoro uliofuata ulipunguza uzalishaji Bulyanhulu na wafanyakazi wakapoteza ajira, hadi makubaliano na kampuni ya Barrick yalipozaa kampuni ya ubia ya Twiga mwaka 2019.

Funzo lake lina pande mbili. Masharti yaliyolegezwa kupita kiasi huiacha nchi na mashimo. Nayo mabadiliko ya ghafla huwaumiza kwanza wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo.

Kwa hiyo, kiasi cha dola kinachotangazwa siku ya kutia saini si kipimo cha kutosha. Mwananchi anapaswa kuuliza mambo matatu: kampuni itanunua wapi mahitaji yake, itamfundisha nani kazi, na faida yake itatozwa kodi wapi. Majibu hayo huandikwa ndani ya mkataba, kabla mtambo wa kwanza haujawasili bandarini.