Lubumbashi: namna ya kuchagua rezo ya simu na intaneti ya nyumbani

Katika jiji la Lubumbashi, kampuni nne za simu zinatafuta wateja: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Mteja anazitambua kwa nambari: 081, 082 na 083 ni za Vodacom, 097, 098 na 099 za Airtel, 084, 085 na 089 za Orange, 090 na 091 za Africell. Kila moja inajisifu kuwa ya kwanza. Lakini rezo inayokimbia vizuri Kamalondo inaweza kusumbua Ruashi. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza jina la kampuni, mtu ajiulize: nitatumia intaneti wapi, na kwa kazi gani?

Kujaribu kwenye lupango

Nguvu ya rezo inategemea umbali wa antena, kuta, mabati ya nyumba na hesabu ya watu wanaotumia antena ile ile. Mangaribi, wakati watu wamerudi nyumbani, wote wanagawana njia moja, na mwendo unapunguka. Ni vizuri kununua kwanza forfe ya siku moja na kuijaribu asubuhi, mchana na usiku, ndani ya chumba ambamo itatumika. Majirani wa lupango wanajua mengi kuliko tangazo la barabarani. Mtu aangalie pia simu yake: simu ya 3G haiwezi kupata mwendo wa 4G, hata kama antena iko karibu.

Hesabu ya mega

Watu wengi wanalalamika: "Mega zinaisha mbio!" Mara nyingi zinaliwa na video. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula karibu GB 1. Ile ya ubora wa juu inafika hata GB 3. Kuko pia programu zinazojisasisha zenyewe bila mwenye simu kujua. Kuzifunga zingoje Wi-Fi kunaokoa makuta.

Jambo lingine ni muda wa forfe. Tuseme, kwa mfano tu, forfe ya faranga 1 000 inatoa MB 500 kwa masaa 24. Mteja akitumia MB 200 na zingine zikafa, amelipa faranga 5 kwa kila mega, si 2. Forfe ya faranga 3 000 yenye MB 1 000 kwa siku 30 inaonekana ghali, lakini akiimaliza yote, kila mega ni faranga 3. Kwa yule anayetumia kidogo kidogo, forfe ya siku ndiyo inamumaliza. Kwa mwanafunzi anayeshusha masomo yote siku moja, inaweza kumufaa.

Intaneti ya nyumbani

Njia ya kwanza ni ruta yenye karti SIM. Inawekwa mbio, na mtu akihama anaibeba. Ubaya wake ni kwamba inategemea antena ile ile ya simu.

Njia ya pili ni faiba. Haisumbuliwi na kuta wala umbali wa antena, lakini kebo kupita barabarani haimaanishi kwamba itaingia kwenye lupango. Mteja aulize bei ya kuivuta, bei ya mwezi, na siku ngapi fundi anachukua kebo ikikatika. Mwendo unahesabiwa kwa Mbps: laini ya Mbps 10 inashusha MB 1,25 kwa sekunde, si MB 10.

Njia ya tatu ni satelaiti. Starlink ilikatazwa nchini mwezi wa 3 mwaka 2024, kisha ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikaipa ruhusa mwezi wa 5 mwaka 2025. Antena yake inahitaji kuona mbingu bila miti wala jengo mbele. Inaweza kufaa nje ya jiji, mahali kebo haifiki.

Zote tatu zinahitaji kura. SNEL ikikata, ruta inazimika. Bei ya betri ao paneli ya jua iingie katika hesabu tangu mwanzo.

Laini kwa jina la mwenyewe

Nambari ya simu leo ni mfuko wa pesa: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money na Afrimoney zinakaa juu yake. Karti SIM iliyonunuliwa njiani na kuandikwa kwa jina la mtu mwingine ni hatari. Simu ikiibiwa, mwenyewe atashindwa kuonyesha kwamba nambari ni yake, na makuta yatabaki humo. Karti ya uchaguzi ao kitambulisho kingine kinatosha kuandikisha laini kwa jina lake. Anayetaka kuacha nambari ya zamani atoe kwanza pesa zote na kujulisha jamaa.

Laini mbili ni akiba

Mwezi wa 8 mwaka 2023, kebo ya bahari WACS, inayoingia nchini kupitia Muanda, ilikatika karibu na mdomo wa mto Kongo. Tukio kama lile linaonyesha kwamba hakuna rezo isiyoanguka. Mwenye simu ya karti mbili anaweza kuweka moja ya kuongea na jamaa wa rezo ile ile, na nyingine ya intaneti.

Mega zikipotea bila sababu, mteja atunze ujumbe wa forfe, aende kwa kampuni yake kwanza, kisha ARPTC. Malalamiko si kelele ya bure: makato ya RAM, yaliyoanza mwaka 2020 kwenye inite za watu, yaliondolewa mwaka 2022 kisha raia na wabunge kuyapinga.